Helmeti gani, na mchezo gani? Ulinganisho kwa mzazi ambaye mwanawe anataka kucheza futiboli ya Kimarekani

Katika familia nyingi za Waswahili walioko Marekani, iwe Louisville, Columbus, Minneapolis au Dallas, kuna karatasi inayofika nyumbani kabla shule hazijafunguliwa. Ni fomu ya kumruhusu kijana kujiunga na timu ya futiboli, ile ya kubeba mpira mikononi na kuangushana. Ndani yake kuna ukurasa unaoeleza mtikisiko wa ubongo, na mzazi anatakiwa kutia sahihi kwamba ameusoma na kuuelewa. Wengi hutia sahihi bila kuusoma, kisha wanauliza swali moja tu: helmeti ipi ni nzuri?

Swali hilo ni la haki na nitalijibu kwa kuzilinganisha zilizopo. Lakini niseme mapema ninakosimama. Helmeti zinatofautiana kweli, ila tofauti kati ya helmeti nzuri na helmeti bora ni ndogo ukiilinganisha na tofauti kati ya kucheza kwa kukabana, yaani kuangushana, na kucheza kwa bendera, ambako unamchomolea mwenzako kitepe cha kiunoni badala ya kumwangusha, au kati ya kocha anayejua kufundisha ukabaji na kocha asiyejua. Mzazi mwenye dola mia kadhaa na muda mchache wa kuchagua anafaa kujua aanzie wapi.

Kazi ambayo helmeti iliumbiwa

Mwaka 1968 wachezaji 36 wa futiboli walikufa Marekani kutokana na majeraha ya mchezo wenyewe, wengi kwa kuumia kichwa na shingo. Mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya viwango vya vifaa vya michezo, NOCSAE, na mwaka 1973 ikatoa kiwango cha kwanza cha helmeti za futiboli. Mwaka 1976 vyuo na shule za sekondari zikapiga marufuku kumvamia mwenzako kwa kutanguliza kichwa. Mambo hayo mawili, kifaa na sheria, yalipunguza vifo sana. Fuvu kupasuka na damu kuvujia kwenye ubongo ndivyo vilivyokuwa vikiua, na helmeti ilitengenezwa kuvizuia hivyo.

Mtikisiko wa ubongo ni jambo jingine. Ubongo umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Lishike dafu ulitikise kwa nguvu: kifuu hakipasuki, lakini kilichomo ndani kinakwenda huku na huku. Pigo la ubavuni linalokizungusha kichwa ghafla huvuta na kusokota nyuzi nyembamba za ubongo hata kama mfupa haujaguswa. Helmeti ngumu hupunguza ukali wa pigo la moja kwa moja vizuri sana, ila mzunguko wa kichwa huupunguza kidogo tu. Ndiyo maana kila helmeti inayouzwa Marekani ina onyo linalosema wazi kwamba hakuna helmeti inayoweza kuzuia majeraha yote ya kichwa na shingo.

Kwa hiyo tangazo lolote linalodai kuwa helmeti fulani "inazuia mtikisiko", lipite. Kampuni ya Riddell ilikuwa ikitangaza kwamba helmeti yake iitwayo Revolution inapunguza mitikisiko kwa asilimia 31. Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ya haki ilichunguza, na mwaka 2013 ikasema utafiti uliotegemewa haukuthibitisha dai hilo.

Ganda gumu na ganda linalobonyea

Ukiingia dukani leo utakutana na falsafa mbili za utengenezaji.

Ya kwanza ni ya ganda gumu la plastiki lenye sponji au mifuko ya hewa ndani. Riddell, kampuni iliyoleta helmeti ya plastiki mwaka 1939, bado ndiyo inayoonekana zaidi uwanjani. SpeedFlex yake, iliyotoka mwaka 2014, ina kipande kilichokatwa juu ya paji la uso ambacho hubonyea kidogo pigo likija kutoka mbele. Axiom, iliyofuata miaka kadhaa baadaye, inatengenezewa sponji zake kulingana na vipimo vya kichwa cha mchezaji mwenyewe. Schutt nao wapo katika kundi hili.

Ya pili ililetwa na VICIS ya Seattle, kampuni iliyoanzishwa na watu wa Chuo Kikuu cha Washington. Ganda lao la nje ni laini, ukilikandamiza kwa mkono linabonyea. Chini yake kuna safu ya vinguzo vidogo vinavyopinda upande wowote, halafu ndipo linakuja ganda gumu la ndani. Nia yao ilikuwa kulishughulikia lile pigo linalozungusha kichwa, wala si lile la mbele tu. Zero1 yao ilipoingia sokoni iliuzwa dola 1,500, bei ambayo shule chache zingeweza kuifikia. Iliongoza orodha ya vipimo vya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya futiboli Marekani, mwaka 2017, 2018 na 2019. Hata hivyo kampuni iliishiwa fedha mwishoni mwa 2019 ikauzwa, na Zero2 imeendelea chini ya wamiliki wengine kwa bei nafuu zaidi.

Ni ipi bora? Katika maabara, ganda linalobonyea limefanya vizuri kwa miaka mingi, na kundi la ganda gumu limelifukuzia hadi pengo limekuwa dogo. Kama helmeti mbili zote ziko katika kundi la juu, ningemwambia mzazi achukue ile inayokaa vizuri zaidi kichwani kwa mtoto wake. Asihangaikie nafasi ya tatu na ya saba.

Hapa kuna kosa ambalo wengi wanalifanya. Kila mwaka NFL na chama cha wachezaji wake hutoa bango lenye helmeti zote zilizopimwa, zikiwa zimepangwa kuanzia iliyo bora hadi zile zilizopigwa marufuku. Bango hilo husambazwa mitandaoni na wazazi hulitumia kununulia watoto. Lakini vipimo vyake vimewekwa kwa kasi na uzito wa migongano ya watu wazima wa ligi ya kulipwa, na bango lenyewe linaonya kwamba matokeo yasipelekwe kwa wachezaji wa vyuo, sekondari wala watoto. Mtoto wa miaka kumi na mmoja ana shingo nyembamba, na kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na mwili. Helmeti nzito iliyoundwa kwa ajili ya jitu la kilo 130 inaweza kumchosha shingo. Maabara ya helmeti ya chuo kikuu cha Virginia Tech, iliyoanza kutoa nyota mwaka 2011, ina orodha ya pekee kwa helmeti za watoto. Nyota tano ni bora, na helmeti kadhaa za bei ya wastani zina nyota tano. Tumia orodha hiyo.

Miaka ya karibuni zimekuja pia helmeti za nafasi maalumu. VICIS ilitoa toleo liitwalo Trench kwa wachezaji wa mstari wa mbele, wale wanaogongana vichwa karibu kila mchezo unapoanza, likiwa limeongezewa kinga mbele. Mwaka 2023 likaja la kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, limeimarishwa nyuma, kwa kuwa kwotabeki huumia mara nyingi anapoangushwa chali na kisogo kikapiga ardhi. Kwa ligi ya kulipwa ni maendeleo makubwa. Kwa shule ya sekondari sioni haja yake: kijana huyohuyo anashambulia kipindi hiki na kulinda kinachofuata, na mwakani kocha anamhamisha nafasi.

Kofia laini ya juu

Umeziona labda kwenye televisheni: vichwa vinavyoonekana vimevimba, vyenye mito midogo iliyopangwa juu ya helmeti. Ni Guardian Cap, ganda la sponji linalovikwa juu ya helmeti ya kawaida.

Mwaka 2022 NFL iliwalazimisha wachezaji wa mstari, wale wa pembeni mwao na walinzi wa kati kuivaa katika kambi ya mazoezi. Ligi ikatangaza kwamba mitikisiko katika nafasi hizo ilipungua kwa takriban nusu ikilinganishwa na wastani wa miaka mitatu iliyotangulia. Nafasi nyingine zikaongezwa, na mwaka 2024 ikaruhusiwa kuvaliwa hata kwenye mechi, kwa hiari. Wachache tu ndio waliivaa.

Sasa weka kando ya hayo matokeo ya shule. Watafiti walifuatilia wachezaji zaidi ya 2,600 wa shule za sekondari za jimbo la Wisconsin katika msimu wa 2023, baadhi wakivaa kofia hiyo na wengine bila. Hawakuona tofauti katika idadi ya waliopata mtikisiko. Sababu mojawapo inayofaa kuangaliwa ni kwamba zile za NFL ni toleo la NXT, nene zaidi, na zile za vijana ni XT, nyepesi. Sababu nyingine ni kwamba kambi za NFL zilibadilika katika mambo mengine pia, kwa hiyo si rahisi kuipa kofia sifa yote.

Hukumu yangu: kama timu ya mwanao inaivaa mazoezini, vizuri, haina ubaya. Kama haiivai, usiinunue ukadhani umemaliza kazi. Ningeogopa zaidi kijana anayejiona amekingwa mara mbili kisha akaingiza kichwa pale ambapo angeingiza bega.

Wachezaji wakubwa wenyewe hawakubaliani. Tua Tagovailoa wa Miami Dolphins aliumia mwezi Septemba 2024, mtikisiko ambao dunia nzima iliuona, akarudi mwezi uliofuata, na alipoulizwa kama ataivaa alikataa, akasema ni uamuzi wake binafsi. Miaka mitano kabla yake, Antonio Brown alifungua malalamiko mara mbili dhidi ya ligi kwa sababu helmeti yake ya zamani ilikuwa imepigwa marufuku, akashindwa zote mbili. Tom Brady naye alilazimika kuiacha aliyoizoea. Mtu mzima anayelipwa mamilioni ana nafasi ya kubishana hivyo. Mtoto wa miaka kumi na miwili amekabidhiwa kwako.

Kukabana au bendera

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na ndipo wazazi wanapopita haraka.

Katika futiboli ya bendera hakuna kuangushana. Kila mchezaji ana vitepe vilivyofungwa kiunoni, na ukimchomolea mwenye mpira utepe wake, mchezo unasimama. Kukimbia, kurusha, kudaka na kupanga mbinu vyote vipo. Mwaka 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha utafiti wa watoto wa miaka 6 hadi 14 waliovalishwa vipimo vya mapigo ya kichwa. Mtoto wa kati katika futiboli ya kukabana alipata mapigo 378 ya kichwa kwa msimu. Katika futiboli ya bendera, mapigo 8.

Hakuna helmeti duniani inayokaribia kuleta tofauti ya namna hiyo.

Na idadi ya mapigo ni jambo zito, kwa sababu hofu kubwa haipo kwenye mtikisiko mmoja unaoonekana na kutibiwa. Ipo kwenye mapigo madogomadogo yanayorundikana miaka na miaka. Aliyefungua mlango huo ni Mwafrika, Dk. Bennet Omalu kutoka Nigeria, aliyekuwa mtaalamu wa uchunguzi wa maiti mjini Pittsburgh. Mwaka 2002 aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, nyota wa Pittsburgh Steelers aliyefariki akiwa na umri wa miaka 50 baada ya kuharibikiwa na akili na maisha, akaukuta ugonjwa wa kuoza kwa ubongo unaoitwa CTE. Alipoyachapisha matokeo mwaka 2005, madaktari wa ligi walitaka makala yake yaondolewe. Ilichukua hadi 2016 kwa afisa wa NFL kukiri mbele ya wabunge wa Marekani kwamba uhusiano kati ya mchezo huo na CTE upo.

Chuo Kikuu cha Boston kiliuona ugonjwa huo katika ubongo wa wachezaji 110 kati ya 111 wa zamani wa NFL waliochunguzwa hadi 2017. Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu: familia zilitoa ubongo wa ndugu zao kwa kuwa walikuwa tayari wana dalili, kwa hiyo haimaanishi kwamba karibu kila mchezaji anaugua. Ila utafiti mwingine wa chuo hichohicho, wa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kila mwaka mmoja wa ziada wa kucheza kwa kukabana uliongeza uwezekano wa kukutwa na CTE kwa asilimia 30. Kijana anayeanza akiwa na miaka saba na yule anayeanza akiwa na kumi na minne wanatofautiana miaka saba ya mapigo kabla hawajafika hata chuoni.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi na minne, basi, ushauri wangu ni bendera, bila kuzungukazunguka. Hapotezi ndoto. Futiboli ya bendera imeingizwa katika Olimpiki ya Los Angeles 2028, na NFL yenyewe tangu 2023 inacheza mechi yake ya nyota kwa bendera. Tena kuna Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa mchezaji wa raga, ambaye hakuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani mpaka Indianapolis Colts walipomsajili mwaka 2013. Anayesema kwamba bila kuanza na kukabana utotoni mlango wa ligi kuu umefungwa, asikutishe.

Kocha na kocha

Kwa kijana wa sekondari ambaye ameshaamua kukabana, nenda uwanjani ukatazame mazoezi kabla ya kutoa pesa ya helmeti. Tazama vichwa. Anapomkaba mwenzake, macho yake yanatazama mbele au ardhini? Bega ndilo linalogusa kwanza au paji la uso? Wanakabana kwa nguvu zote mara ngapi kwa wiki? Wacheza raga, ambao hawana helmeti, hufundishwa kukiweka kichwa pembeni, nyuma au ubavuni mwa anayekabwa, kwa sababu atakayekosea atalipa palepale. Seattle Seahawks waliuchukua ukabaji huo wa bega na mwaka 2014 wakatoa video ya kuwafundishia makocha wengine.

NFL yenyewe ilihesabu mitikisiko 281 mwaka 2017 na 182 mwaka 2024. Helmeti bora zimo katika kupungua huko, lakini zimo pia sheria za kuadhibu wanaotumia kichwa, kupunguzwa kwa mazoezi ya kugongana, na mabadiliko ya namna mchezo unavyoanzishwa. Kocha wa shule hana maabara, ila hayo mengine yote anaweza kuyafanya bila senti moja.

Ya shule au ya kununua

Shule nyingi hutoa helmeti. Kabla hujaikataa, igeuze uitazame ndani. Kuna stika au mhuri unaoonyesha mwaka wa kutengenezwa, alama ya NOCSAE, na mwaka iliporudishwa kiwandani kukaguliwa na kutengenezwa upya. Viwanda vya ukarabati havipokei helmeti iliyopita miaka kumi, kwa hiyo ikiwa imefika hapo, irudishe na uombe nyingine. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: iliyokufa hairudi. Pitisha kucha kwenye matundu ya skrubu za wavu wa uso, maana nyufa huanzia hapo.

Kisha mvalishe mtoto nywele zikiwa kama zitakavyokuwa siku ya mechi. Hili ni muhimu sana kwa watoto wetu: akipimwa na nywele fupi halafu akasuka, au kinyume chake, helmeti haitakaa ilivyokaa. Ukingo wa mbele uwe takriban vidole viwili juu ya nyusi. Mashavu yaguswe na sponji pande zote mbili. Shika wavu wa uso uusukume polepole kushoto na kulia: ngozi ya paji iende pamoja na helmeti. Ikiwa helmeti inateleza na ngozi imebaki, ni kubwa. Mkanda wa kidevu ufungwe sehemu zote nne, ukaze sawasawa. Helmeti ya nyota tano inayoteleza ni mbaya kuliko ya nyota nne iliyokaa.

Kwa hiyo ya shule yenye miaka mitatu, iliyokaguliwa na inayokaa vizuri, inatosha. Ya kununua ina maana pale shule inapokuwa na za zamani tu, au kichwa cha mtoto hakipati saizi. Muulize kocha kwanza, kwani baadhi ya shule haziruhusu helmeti kutoka nyumbani. Ya mtumba kutoka mtandaoni usinunue kabisa, kwa kuwa huwezi kujua imepokea nini.

Siku atakapoumia

Mwezi Septemba 2022 Tagovailoa aliyumba uwanjani baada ya kuanguka, akaruhusiwa kuendelea, na siku nne baadaye akaanguka tena mjini Cincinnati, vidole vikiwa vimekakamaa mbele ya uso wake. Ligi ililazimika kubadilisha utaratibu wake: mchezaji anayeyumba harudi mchezoni siku hiyo. Mwanao anastahili kanuni hiyohiyo. Majimbo yote 50 yana sheria zinazolinda wachezaji vijana wanaoshukiwa kupata mtikisiko, na kwa kawaida zinadai kijana atolewe na asirudi mpaka mtaalamu wa afya mwenye leseni aidhinishe kwa maandishi. Kocha akisema "yuko sawa", mwambie unataka karatasi.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchukia mwanga, kusahau, hasira za ghafla, kulala kupita kawaida: yoyote kati ya hizo inatosha kumpeleka kwa daktari. Kutapika mara kwa mara, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, au kutoamshika, piga 911 papo hapo.

Na hospitalini usikubali mtoto mwenyewe awe mkalimani wako. Ndivyo inavyotokea katika nyumba nyingi kwa kuwa yeye ndiye anayejua Kiingereza vizuri zaidi. Lakini aliyeumia ubongo hawezi kutegemewa kueleza alichosahau, na kijana anayetaka kucheza Ijumaa ana sababu ya kuficha. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kisheria kukupatia mkalimani wa Kiswahili bure, hata kama ni kwa simu. Mwombe tangu mapokezi, kabla hamjaitwa ndani.